Kata Kushoto Kwenye Roboti

Kama uko jikoni, endelea kukuna nazi yako. Kama uko garini, mwambie dereva apandishe sauti kidogo. Leo tunakwenda Soweto.

Najua utaniuliza, Soweto ipi? Tunazo nyingi sisi. Mbeya ipo Soweto, Moshi ipo Soweto, na Nairobi ukiingia Kibera unaikuta Soweto nyingine inakusubiri. Mimi nasemea ile mama yao wote, Soweto ya Johannesburg, Afrika Kusini, ambayo sensa ya mwaka 2011 ilihesabu humo watu 1,271,628. Siku hizi napokea ujumbe wa vijana wanaojiandaa kwenda huko kutafuta maisha, kusoma, kufanya biashara, na wengi wananiuliza swali moja: nijifunze Kiingereza gani cha kuuliza njia, nisije nikapotea?

Swali zuri, na mahali pake pazuri, kwa sababu Soweto yenyewe ni maelekezo ya njia. Usidhani jina hilo ni la Kizulu au Kisotho. Ni vipande vya Kiingereza vilivyogandishwa pamoja: South Western Townships, vitongoji vya kusini-magharibi. Lilipitishwa mwaka 1963. Sasa jiulize, kusini-magharibi ya nini? Ya Johannesburg, bila shaka, ya meza ya bwana mmoja aliyekaa na ramani yake. Mtu aliyezaliwa Orlando au Kliptown, akiamka asubuhi akatia maji birikani, hayuko kusini-magharibi ya kitu chochote. Yuko nyumbani kwake. Lakini akiulizwa anakaa wapi, hulitaja jina linalomweleza mgeni: toka mjini, shika upande ule, nenda mpaka uwakute hao tuliowasogeza huko.

Basi tuanze safari.

Kiingereza changu cha njia nilikipata darasani, kama wewe. Kulikuwa na picha ya bwana mwenye kofia na mwanamke mwenye mkoba, na mazungumzo tuliyoyakariri mpaka tukayaimba. "Excuse me, could you tell me the way to the post office?" Naye mwenye mkoba hujibu kwa furaha isiyo na sababu: nenda moja kwa moja, kata kushoto ya kwanza, posta utaiona mkono wa kulia. Bwana hushukuru, hutoweka. Hakuna kati yao aliyemjulia mwenzake hali. Sisi watoto hatukuliona hilo kuwa kasoro. Tulidhani Wazungu ndivyo walivyo.

Nikatua Soweto na mazungumzo hayo kichwani, kwenye stendi kubwa ya magari iliyo ng'ambo ya hospitali ya Chris Hani Baragwanath, ambayo huko kila mtu anaiita Bara. Mama mmoja alikuwa amekaa na beseni la magwinya. Magwinya ni maandazi yasiyo na iliki, ya duara, ya moto, yanayonyonya mafuta kama sponji. Nikamsogelea, nikajinyoosha, nikatoa sentensi yangu ya darasani bila kukosea hata herufi moja: "Excuse me, could you tell me the way to Vilakazi Street?"

Mama akanitazama. Akapanga magwinya mawili. Akasema, "Hello."

Nikadhani hakunisikia. Nikarudia, polepole zaidi, kwa sauti zaidi. Akasema tena, "Hello, my child. How are you?"

Hapo ndipo aibu ilipoanzia masikioni ikashuka mpaka shingoni. Mimi, niliyelelewa kwa shikamoo, nisiyeweza kununua kibiriti kabla ya kuuliza habari za nyumbani, nimemvamia mama wa watu na posta yangu! Kwa Kiswahili nisingethubutu. Kiingereza kilinivua adabu, na sikuhisi baridi yoyote. Nikaanza upya: hello mama, how are you, naye akasema yu mzima, akauliza nimetoka wapi, nikasema Tanzania, akasema mbali. Ndipo njia ikapatikana. Akaniitia na kijana wa jirani anisindikize mpaka kwenye foleni ya gari lenyewe.

Kwa hiyo, kijana unayejiandaa, hiyo "excuse me" ni hodi. Salamu bado hujatoa. Ukiipiga hodi, subiri. Mwite mkubwa mama au baba, bibi kizee mwite gogo, wa rika lako mwite bhuti, yaani kaka, au sisi, yaani dada, na ukijua kusema "Sawubona" kwa mtu mmoja, au "Sanibonani" kwa wengi, umeshalipa nusu ya nauli. Kisha ndiyo uingize Kiingereza chako, na hakina haja ya kuwa kirefu. "I'm looking for Vilakazi Street" inatosha kabisa. Natafuta mtaa fulani. Mengine atayajaza mwenyeji.

Nikuibie siri ndogo kabla hatujaondoka pale stendi. Baragwanath ni ubini wa mtu, John Albert Baragwanath, aliyetoka Cornwall, kule kusini-magharibi ya Uingereza. Kusini-magharibi tena! Katika lugha ya zamani ya kwao, bara ni mkate na gwaneth ni ngano. Kwa hiyo mama yule anauza unga wa ngano uliokaangwa mbele ya hospitali iitwayo Mkate wa Ngano, ambayo mwaka 1997 ilitanguliziwa jina la Chris Hani, mpigania uhuru aliyeuawa mwaka 1993. Mwambie mtu "Bara" tu, atakuonyesha. Ukimtamkia yote atadhani umetumwa na serikali.

Sasa linakuja jambo ambalo kitabu hakikutuandaa nalo kabisa, nami ndilo lililonifanya nikae mbele ya kipaza sauti hiki leo. Tulifundishwa kuuliza. Hatukufundishwa kusikia jibu.

Swali ni lako; unalikariri usiku, unalisema asubuhi. Jibu ni la mwenzako, linakuja kwa kasi yake, kwa lafudhi yake, kwa maneno ya mtaani kwake. Yule kijana niliyepewa aliniambia nishuke kwenye roboti, kisha nikate kushoto. Roboti! Nikaona kichwani mtu wa bati mwenye macho mekundu amesimama njia panda. Na kweli macho mekundu anayo, na ya kijani pia. Kumbe ni taa za barabarani. Yale tunayosema mataa, wao ni robot, na hulisema hivyo hata msomaji wa habari redioni, bila kucheka.

Neno hilo lilizaliwa mwaka 1920 katika tamthilia ya Mcheki, Karel Čapek, kwa maana ya kiumbe cha kutengenezwa kinachofanya kazi za watu. Basi pale mashine ilipochukua kazi ya askari aliyekuwa akisimama njia panda na glavu zake nyeupe, watu wakaiita roboti. Kwingine jina likafa. Afrika Kusini likabaki na kustawi.

Usicheke sana, maana na sisi tunalo letu. Mzunguko wa barabara, Tanzania, tunauita kipilefti. Umewahi kujiuliza limetoka wapi? Wakoloni walisimamisha kibao katikati ya mzunguko, kimeandikwa Keep Left, pita kushoto, nasi tukadhani ndilo jina la kitu chenyewe. Amri ikageuka kuwa mahali. Nilipokuwa Soweto nilijisahau, nikamwambia dereva anishushe "after the keep left". Akaniangalia kwenye kioo. Abiria wakageuka. Keep left ya nini, na gari limeshapita kushoto tangu asubuhi? Huko mzunguko unaitwa circle. Ndipo nikaelewa kwamba kila mtu ana roboti yake. Kiingereza cha kuelekezana njia hakiko London. Kiko pale ulipo, na mwenyeji ndiye mwalimu.

Na kama umetoka Bukavu au Bujumbura, kumbuka magari ya huko hupita kushoto kama ya Dar es Salaam na Nairobi. Angalia kulia kwanza kabla ya kuvuka. Hilo halihitaji lugha yoyote.

Turudi kwenye makosa yetu wenyewe, kwa sababu Kiswahili nacho kina namna yake ya kumponza mtu. Sisi tunakata kona. Mswahili akitafsiri hilo neno kwa neno, atamwambia dereva "cut the corner", na kwa Kiingereza hiyo ni kuchukua njia ya mkato, au kufanya kazi kwa ujanjaujanja. Sema "turn". Turn left, turn right, basi. Nasi tunanyoosha, wao ni "go straight". Soweto utasikia "straight, straight", mara mbili, ujue safari ni ndefu kidogo. Wakisema mara tatu, tafuta gari.

Halafu kuna ile -ni yetu. Mswahili ana raha: kituoni, konani, nyumbani, mezani, kiambishi kimoja kinabeba kila kitu. Kiingereza kinataka uchague: at the station, on the left, in the house. Kwenye kona ndiko kubaya zaidi. Ukisema utamsubiri mtu "in the corner", umejibana ndani ya chumba, kwenye pembe ya kuta mbili, kama mtoto aliyeadhibiwa. Nje, barabara mbili zinapokutana, ni "at the corner". Herufi mbili tu, mtu mmoja yuko mtaani, mwingine yuko nyuma ya kabati.

Upande wa pili, kuna mahali Kiswahili kina mali ambayo Kiingereza hakina. Tuna hapa, hapo, pale. Tuna huku, huko, kule. Tuna humu, humo, mle. Mtu akikwambia "pale" unajua panaonekana, ni mahali hasa. Akikwambia "kule" unajua ujiandae, ni upande wa mbali. Kiingereza kina here na there, na there hiyo inaanzia kwenye ncha ya kidole mpaka Cape Town. Nilimuuliza bwana mmoja Orlando, akanyoosha mkono, akasema "there". Nikatembea. Bado ilikuwa there. Baadaye nikajifunza kuongeza swali dogo: "Can I walk, or must I take a taxi?" Nitembee au nipande gari? Swali hilo limeniokoa kuliko yote niliyokariri. Mtu anaweza kukosea kilomita, lakini miguu yako anaiona.

Jambo jingine la kusikia. Usiulize swali linaloweza kujibiwa ndiyo. Ukinyoosha kidole na kusema "Is it this way?" mtu mwenye huruma atakujibu yes, hasa akiona umechoka. Si mwongo; hataki kukuvunja moyo. Kwetu ni hivyo hivyo, muulize mtu wa Tandale. Sema "Which way?" ili mkono uinuke wenyewe. Na ukikosea ukauliza kwa kukanusha, "It's not far?", ukajibiwa "Yes", furahi: maana yake ndiyo, si mbali, kama tunavyojibu sisi. Katika hilo Kiingereza cha Soweto ni ndugu yetu wa damu. Mwingereza angesema no, nasi tungekata tamaa bure.

Kisha rudia ulichosikia. Lirudie jibu kama risiti: "So, I pass the robot, then left?" Akikubali, nenda. Ila angalizo: akikuuliza "Left?" usijibu "Right!" kwa maana ya ndiyo haswa. Nimeyaona hayo yakitokea kwa macho yangu, na gari likaenda kulia.

Nikupandishe sasa gari lenyewe. Huko taksi ndiyo daladala, ndiyo matatu, lakini haina konda. Nasema haina konda! Nauli inatoka viti vya nyuma, inapita mkono kwa mkono, bega kwa bega, mpaka mbele, na abiria aliyekaa kando ya dereva ndiye anayehesabu na kurudisha chenji. Usikae hapo siku ya kwanza. Nilikaa. Nilipewa noti za watu wanane, na sauti kutoka nyuma zinataja nani kalipia wangapi, kwa Kizulu, kwa Kisotho, kwa Kiingereza, na nusu ya tarakimu zilikuwa za Kiingereza hata kwenye Kizulu, jambo lililoniokoa.

Kabla ya kupanda, gari husimamishwa kwa vidole. Ukiinua kidole cha shahada juu, unakwenda mjini, katikati ya Johannesburg. Ukikielekeza chini, unakwenda hapa hapa karibu. Anayekwenda kitongoji cha Orange Farm hukunja kiganja kama ameshika chungwa. Ni lugha kamili, na haikutungwa na wizara. Watu waliijenga wenyewe barabarani. Msanii Susan Woolf aliikusanya, akaichora, akaitolea hata kitabu cha kupapasa kwa wasioona, na mwaka 2010 posta ya Afrika Kusini ikatoa stempu zenye mikono hiyo. Yaani ile posta niliyofundishwa kuitafuta darasani ndiyo iliyouza picha za vidole vya kuitafutia.

Kushuka ndiko kunakotaka ulimi. Dar es Salaam unapiga kelele "Shusha!", umemaliza. Johannesburg unasema mahali. "After robot!" ni baada ya taa. "Short left!" ni kushoto hapo hapo, kona ya kwanza. Angalia sentensi hizo zilivyokonda. Hazina please, hazina could you. Mwalimu wangu angezipiga kalamu nyekundu. Lakini jaribu kumwambia dereva anayekimbia, "Excuse me, would you mind stopping the vehicle after the next set of traffic lights?" Utaimaliza ukiwa mji mwingine. Adabu yake iko kwenye wakati: useme mapema, useme kwa sauti, na ukishuka ushukuru. "Sharp" inatosha.

Sasa tuko Vilakazi Street, Orlando West. Watalii hupenda kusema ni mtaa walikokaa washindi wawili wa Nobel, Nelson Mandela na Askofu Desmond Tutu. Nyumba ya Mandela ni namba 8115, kijumba cha matofali ambacho ukikitazama kwa haraka unaweza kukipita. Namba hiyo nayo ni somo. Kwa miongo mingi Soweto ilikuwa ya namba: nyumba namba fulani, kitongoji fulani, au zoni fulani. Meadowlands ilipojengwa kupokea watu waliohamishwa kwa nguvu Sophiatown kuanzia Februari 1955, iligawanywa kwa zoni, na zoni ziligawiwa kwa makabila. Ukimuuliza mtu zoni yake ulikuwa umemuuliza na lugha yake. Waliopanga hivyo hawakuwa na nia ya kumsaidia mgeni asipotee. Walitaka mwenyeji apatikane upesi.

Na Vilakazi mwenyewe? Watu wengi hupiga picha chini ya jina lake bila kumjua. Alikuwa Benedict Wallet Vilakazi, mshairi na mtaalamu wa Kizulu, Mwafrika wa kwanza kufundisha Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Pamoja na profesa Clement Doke alitunga kamusi kubwa ya Kizulu na Kiingereza. Alifariki mwaka 1947. Kamusi ikatoka mwaka 1948, hakuiona. Kwa hiyo wewe uliyesimama pale na Kiingereza chako cha kuungaunga, ukitafuta neno, umesimama kwenye mtaa wa mtunga kamusi.

Hatua chache kutoka hapo, penye kona ya mtaa wa Moema, ndipo Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12, alipopigwa risasi tarehe 16 Juni 1976. Sisi siku hiyo tunaijua kama Siku ya Mtoto wa Afrika. Wanafunzi walikuwa wakiandamana kuelekea uwanja wa Orlando wakikataa kufundishwa masomo kwa Kiafrikaans. Hawakuwa wakidai Kizulu. Wengi walitaka Kiingereza kibaki. Nimekuwa nikilifikiria sana hilo. Sisi tunakisikia Kiingereza cha Soweto tunasema kimepinda, kina roboti, kina short left. Lakini kuna watoto walikilipia bei ambayo mimi, niliyechapwa viboko viwili kwa kusahau "the", siwezi hata kuikaribia.

Wengi wa watoto hao walivuka mipaka usiku, na baadhi yao walifika kwetu. Tanzania iliwapa wakimbizi wa chama cha ukombozi cha ANC shamba la zamani la mkonge Mazimbu, Morogoro, na mwaka 1978 shule ikaanza hapo, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria mwaka 1979. Waliishi huko mpaka mwaka 1992 walipokabidhi majengo, ambayo leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Hebu mfikirie mtoto wa Orlando, miaka 17, amesimama Morogoro mjini, anatafuta gari la Mazimbu, hajui mataa ni nini, na kila mtu anamwambia "hapo tu, nyoosha". Naye alijifunza. Wako watu wazima Soweto leo ambao ukisema "Habari za asubuhi" uso unabadilika.

Lakini nisikupambie. Kuuliza njia ni kujitangaza mgeni, na si kila mara ugeni umekuwa salama. Mei 2008 vurugu dhidi ya wageni zilianzia Alexandra, upande wa pili wa Johannesburg, zikasambaa, zikaua watu zaidi ya 60, na wamo Waafrika Kusini waliodhaniwa wageni. Iliripotiwa kwamba watu walisimamishwa wakaonyeshwa kiwiko cha mkono, wakaambiwa wakitaje kwa Kizulu. Kiwiko ni indololwane. Ukikwama, umejulikana. Januari 2015 maduka ya wageni yaliporwa Soweto kwenyewe. Rafiki yangu mmoja, Mkongo anayeuza nguo, ameishi huko miaka mingi na hadi leo hamuulizi mtu njia baada ya magharibi. Anaingia dukani, ananunua soda, ndipo anauliza. Asiponunua, hafungui mdomo. Nami nakupa ushauri wake kama ulivyo: uliza kwa mtu aliyekaa kwenye kazi yake, mwenye duka, mama wa magwinya, mlinzi wa geti. Mtu aliyekaa kazini ana jina mtaani, na ana muda.

Hata hivyo, mwaka 2018 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza kwamba Kiswahili kitaruhusiwa shuleni kama somo la hiari, na mwaka uliofuata Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika, SADC, ilipokutana Dar es Salaam, ikakifanya lugha yake rasmi mojawapo. Siku moja huenda mtoto wa Soweto naye akakariri mazungumzo ya bwana mwenye kofia anayetafuta posta ya Kariakoo. Namwombea tu kitabu chake kianze na shikamoo.

Kuna neno moja la Kizulu nataka uondoke nalo, kwa sababu huhitaji kulikariri, unalo tayari. Sisi tunasema mkono wa kulia, yaani mkono wa kulia chakula. Wazee walisema pia mkono wa kuume, lakini kulia ndiko kulikoshinda. Wazulu nao, kula kwao ni ukudla, na upande wa kulia ni kwesokudla: kwenye ule wa kula. Sahani moja, mkono mmoja, kutoka Lamu mpaka Durban. Kiingereza hicho hakina. Right yao ni ya haki na usahihi. Yetu ni ya ugali.

Siku yangu ya mwisho nilijiona mwenyeji. Nilisimamisha gari kwa kidole, nikatoa salamu, nikapitisha nauli, na tulipokaribia nikaguta kwa sauti nene, "After robot!" Dereva akasimama bila hata kugeuka. Hakuna aliyeshangaa. Nikashuka kifua mbele, gari likaondoka, nikatazama huku na huku: haikuwa roboti yangu. Nilikuwa nimeshuka moja kabla.

Pembeni alikuwapo mtoto wa miaka kama kumi, ameshika kota kwa mikono miwili. Kota ni robo ya mkate, imechimbwa katikati, ikajazwa chipsi na polony na achari, ndiyo, achari, wanaiita hivyo hivyo. Nikamwambia "Sawubona," nikamtajia mtaa. Labda salamu yangu ilitoka sawasawa, maana hakujisumbua na Kiingereza. Mikono imejaa, hawezi kunyoosha kidole. Mdomo umejaa nao, akajibu hivyo hivyo, Kizulu kitupu, nami nikadaka maneno mawili tu, phambili na kwesokudla. Nikaenda mbele. Nilipofika njia panda nikaunyanyua ule mkono ninaokatia tonge, nikautazama, nikaufuata.